Jua la Noeli

Nilipoulizwa mlango utazame wapi, nilisema utazame barabarani. Ningeweza kukataa. Kiwanja kilikuwa changu, nyumba ilikuwa ya kuzeekea mimi na mke wangu, na kila aliyesimama pale alikuwa akingoja kauli yangu. Ningesema neno moja tu, kamba ingefungwa upande mwingine.

Aliyeuliza ni mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa akitujengea. Alikuwa amekuja kutoka Mwanza kula Noeli nyumbani, na ilikuwa siku ya pili ya sikukuu, matumbo bado yamejaa nyama. Fundi alikuwa ameshapigilia vigingi, kamba ameishika mkononi.

"Baba, sema," mwanangu akasema. "Fundi anakusubiri wewe."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona lami. Siku hizi nyumba inaangalia lami. Ukiipa lami mgongo, wapita njia watasema hii nyumba imenuna."

Fundi alicheka. Alikuwa mtu wa maneno, Msubi kutoka upande wa Biharamulo, mtani wetu, na hakukosa la kuongeza. "Na jua lote hili ni lako, mzee. Hapa barazani utakunywa chai huku umekunja macho. Mpaka utaniita nikujengee ukuta wa kulizuia."

Ni kweli, jua lilikuwa limejaa pale chini kama maji kwenye bakuli. Kichwa kilinichoma. Mwanangu alikuwa ameweka gazeti juu ya utosi. Mke wangu alisimama kando, ungo ameukumbatia kifuani, akasema bila kupaza sauti, "Hilo ni jua la Noeli."

Mimi nilimsikia vizuri. Nikasema, "Utazame barabarani," na fundi akaikaza kamba.

Asiyekaa kwenye mlima kama wetu, hapa upande wa Nyamiaga, huenda asione kosa liko wapi. Mgongo wa mlima uko kaskazini, upande wa Karagwe. Barabara inapita chini, kusini, upande wa Kibondo. Nyumba ya zamani ilikuwa juu kabisa, kwenye kipara cha mlima, mlango wake ukitazama linakochomoza jua la mwezi wa sita. Baba yangu ndiye aliyeuelekeza hivyo na hakuwahi kutueleza sababu. Pale juu hapakuwa na kitu cha kulizuia jua, liwe limekwenda Karagwe au limerudi Kibondo. Asubuhi lilikukuta kitandani. Jioni lilikuaga kwa mkono.

Mke wangu alikuwa mtu wa jua kwa kazi yake. Alitengeneza kimea cha mtama. Aliloweka mtama, akauchanganya na majivu, akaulaza kwenye majani ya mgomba hadi uchipue vijimizizi vyeupe, kisha akauanika kwenye mikeka uani. Wapika pombe wa mlima wetu na wa Ngara mjini walimjua kwa kimea hicho. Walikifikicha viganjani mbele yake, vijimizizi vikadondoka vikavu, wakanusa, wakafunga mfuko bila kubishana. Kimea kinataka jua la mfululizo. Kikikaushwa nusunusu kinaota ukungu mweusi, na pombe yake inakuwa na ladha ya kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni.

Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Kiangazi alikiita impeshi mpaka leo, na herufi l ilimgeukia kuwa r alipochangamka au alipokasirika. Nilipokuwa namchumbia nilimtania kwa hilo. "Fungua mrango," nikisema, naye ananijibu, "Nifungue uingie wewe? Mrango wenyewe umekukataa."

Sasa niseme kuhusu mimi. Nilisoma hadi kidato cha nne, na kwa rika langu huku hilo halikuwa dogo. Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alichimbia mti ulionyooka katikati ya uwanja wa shule, akatutoa darasani saa sita mchana, akatuambia tuweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Mwezi uliofuata tukaweka jingine. Tuliona ni mchezo wa kukwepa darasa. Lakini mwaka ulipozunguka, mawe yale yalikuwa yamesimama mstari, mengine upande huu wa mti na mengine upande ule, nami nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimekaa chini ya jua maisha yangu yote nikidhani linapita njia moja.

Nilijifunza hivi, na sijawahi kusahau. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Siku hizo ukisimama saa sita, kivuli chako umekikanyaga. Kati ya hapo, kuanzia masika hadi kiangazi kinapoelekea kuisha, jua linakaa upande wa Karagwe, na kivuli kinaangukia kusini. Kuanzia vuli hadi mwanzo wa masika, jua linahamia upande wa Kibondo, na kivuli kinaangukia kaskazini. Mwezi wa sita na mwezi wa Noeli ndiyo ncha mbili za safari yake. Likifika huko linageuka.

Kwa hiyo siku ile ya vigingi nilijua. Nyumba inayotazama barabara inatazama Kibondo. Noeli italiwa barazani kwa miwani ya jua. Lakini mwezi wa sita, mwezi wa baridi kali na upepo, jua litakuwa nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kuna mlima.

Na watu wengine watalijuaje hilo, ikiwa wanakuja Noeli tu? Tazama nyumba mpya za mlima wetu. Watoto wetu wanafanya kazi Mwanza, Dar es Salaam, Geita, na wote likizo yao ni Noeli. Kiwanja kinapimwa Noeli, fundi anaitwa Noeli, madirisha yanachaguliwa Noeli. Kisha wanaondoka, na wanaobaki kukaa humo Juni na Julai ni wazee. Tumejenga mlima mzima kwa jua la mwezi mmoja.

Mchana ule ule, baada ya fundi kuondoka, nilimfuata mke wangu juu kwenye nyumba ya zamani. Alikuwa akigeuza kimea kwa viganja, amepiga magoti. Hakuinua kichwa.

"Wewe uliyesoma," akasema.

"Nimefanya nini tena?"

"Nakuuliza tu. Hiyo nyumba ya chini, wakati wa impeshi, jua litaipitia wapi?"

Hapa juu yeye alilijua jua kuliko mtu yeyote, maana alihamisha mikeka kulifuata. Lakini kwenye nyumba iliyokatwa tumboni mwa mlima hakuwahi kukaa. Alitaka kujua, na akamuuliza mtu aliyemwamini.

"Jua ni lile lile, mama," nikamjibu. "Linatoka mashariki, linazama magharibi."

"Rire rire?"

"Lile lile."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kimea. "Basi," akasema. "Kama ni rire rire."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimjibu vile. Sababu si nzuri lakini ni nyepesi. Nilitaka kukaa barazani nionekane. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wameshajengewa. Nilipokuwa nashuka mjini kwa baiskeli niliziona nyumba zao zimepangana na lami, wenyewe wamekaa mbele, na kila anayepita anawaamkia. Mimi nilikuwa juu ya mlima, naamkiwa na mbuzi. Tena nilimwogopa mwanangu kidogo, kama baba anavyomwogopa mtoto anayemlisha. Nilihisi nikimrekebisha mbele ya fundi, furaha yake itapoa.

Nyumba ya zamani ilibomolewa. Milango na bati zilizokuwa nzima zilishuka chini, na pale juu mwanangu alipanda mikaratusi ili ardhi isikae bure. Fundi aliukata mlima, akapata uwanja, akasimamisha nyumba nzuri kwelikweli. Ina malumalu, ina madirisha ya vioo, ina baraza yenye nguzo mbili za mviringo ambazo watu walisimama kuzitazama. Padri alikuja kuibariki. Kati ya ukuta wa nyuma na ukingo wa mlima uliokatwa ilibaki njia nyembamba ya kupita mtu na ndoo yake.

Tulihamia Noeli iliyofuata. Januari ile sitaisahau. Nilikuwa mwenyekiti wa barabara.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Mnadani."

"Ng'ombe wanauzikaje?"

Walisimama, wakasimulia, wakaendelea. Jua lilinilamba miguu mpaka magotini. Mke wangu alinitazama akacheka: "Umekuwa kinyonga. Jua tu, umebadilika rangi." Yeye alipojaribu kuanika kimea mbele alikatazwa. Mwanangu alikuwa ameotesha nyasi na maua, akasema kwa simu, kwa upole lakini akisisitiza, "Mama, mbele ni mbele. Mtama uende nyuma." Akauhamishia nyuma.

Machi ilipofika katikati, nilikaa barazani saa sita nikaona kivuli cha paa kimejikunja chini ya ukuta kabisa. Moyo wangu ulishtuka kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwenye nyumba ya jirani. Wiki zilizofuata kivuli kilianza kutoka. Kilitoka taratibu, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Kilifunika msingi, kikafunika ngazi, kikaingia kwenye nyasi. Mvua za masika zilinisaidia kutolitazama jambo hilo, kwa sababu mawingu hayana kusini wala kaskazini.

Mwezi wa sita ukaja na anga safi. Siku ya kwanza ya upepo nilitoka asubuhi na kikombe changu nikakaa kwenye kiti changu, na baraza ilikuwa kama ndani ya mtungi. Upepo ulitoka chini barabarani ukapanda moja kwa moja hadi mlangoni. Jua nililiona. Lilikuwa limewaka kwenye kilima cha ng'ambo ya barabara, kwa watu wengine, kwenye migomba ya watu wengine. Kwetu sisi lilikuwa bado nyuma ya bega la mlima, na lilipopanda likawa nyuma ya paa letu. Wapita njia waliniamkia bila kusimama. Nani atasimama kwenye baridi?

Mke wangu alikuwa na magoti yanayovimba kwa baridi na vidole visivyokunjika asubuhi. Juu kwenye nyumba ya zamani alikuwa akitoka na mkeka, anakaa ukutani, na jua linapokuwa limesogea kidogo vidole vinafunguka kimoja kimoja, anaanza kazi. Sasa alianza kuizunguka nyumba. Asubuhi alikaa kwenye pembe ya mashariki, kwenye kipande cha jua cha kutosha mtu mmoja. Saa sita aliingia kwenye njia ya nyuma, jua linapochungulia kati ya paa na ukingo, na kabla hajazoea limeondoka. Alasiri alihamia magharibi. Alibeba mkeka, akatua, akainuka, akabeba tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa basi," nikamwambia siku moja. "Unanizungusha kichwa."

"Nikae wapi? Nionyeshe."

Sikumwonyesha.

Kimea cha nyuma kilioza. Alikianika kwenye njia ile nyembamba, kikawa na joto kidogo na unyevu mwingi, kikavaa ukungu. Mama mmoja mpika pombe, mteja wake wa siku nyingi, alikuja akafikicha kiganjani, akanusa, akamtazama usoni.

"Mama, hiki kimea kimeanikwa au kimezikwa?"

Mke wangu alicheka kwa sababu mteja alikuwa akicheka. Mfuko haukufungwa. Baada ya huyo, wengine hawakuja hata kunusa.

Hata sola ilinisuta. Mwanangu alitaka paneli iwekwe upande wa paa unaoonekana barabarani, na fundi akaiweka huko, imelala na mteremko kuelekea Kibondo. Noeli ilikuwa inajaza betri kabla ya chai ya saa nne. Juni televisheni ilizimika katikati ya taarifa ya habari. Nilimpigia mwanangu.

"Baba, ni vumbi. Ipande ukaifute."

Nilijua si vumbi. Nilichukua ngazi, nikapanda na umri wangu, nikaifuta ile paneli hadi ikang'aa kama sahani ya Pasaka. Mke wangu alinishikia ngazi chini, akauliza, "Imekubali?" Nikasema itakubali. Nilifuta siku nyingine tena.

Mwezi wa saba mke wangu alifunga kanga zake kwenye mfuko. Binti yetu ameolewa Kaniha, kule Biharamulo, ambako nchi ni ya chini, tambarare, na joto lake ni la kukaa nalo.

"Nakwenda kuota," akasema.

Kiswahili kinatumia neno hilo kwa mambo mengi. Anayelala anaota, mbegu inaota, anayejipasha joto anaota. Kwenye lugha zetu za nyumbani kuota ni kwa moto na jua tu, ndoto ina neno lake. Kwa hiyo nilimwelewa vizuri, na bado nilimuuliza, "Kuota nini?"

"Jua. Rire rire."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtani. Alirudi mvua za vuli zilipoanza, jua liliporudi mbele ya nyumba, magoti yamepona, ana mfuko wa viazi vitamu. Noeli watoto walikuja, baraza ikajaa jua, mwanangu akasema, "Mmeona? Nyumba imewapenda." Tulicheka sote. Mwaka uliofuata, Juni, mke wangu aliondoka tena. Nilifikiri tutaishi hivyo, yeye akihama na jua na kurudi nalo, na nikajiambia kuna ndoa mbaya kuliko hiyo.

Lakini kwetu mama mkwe hakai kwa mkwewe. Anakwenda kusalimia, anapewa kuku, anarudi. Mkwe wetu ni mtu mwema, alimjengea chumba cha pembeni ili asikutane naye asubuhi akiwa hajavaa vizuri, ila maneno hayajengewi chumba. Yule fundi Msubi, ambaye sasa ana duka la vifaa karibu na kwangu, alinikuta nimesimama barabarani akapaza sauti ili na wengine wafaidi.

"Mzee! Nasikia umeoa lami, mke mkubwa akarudi kwao!"

"Wewe ndiye uliyefungisha ndoa," nikamjibu.

"Mimi nilishika kamba tu. Aliyesema 'ndiyo' ni nani?"

Watu walicheka, nami nilicheka, kwa kuwa ni mtani na ndivyo ilivyo. Nilirudi ndani nikashindwa kukaa.

Mwaka wa tatu mke wangu alikaa Kaniha hata vuli ilipoanza. Nilikwenda kumtazama. Niliwekewa kiti cha mgeni na soda, mkwe akanisalimu kwa mikono miwili, na mke wangu nilimwona ng'ambo ya uwanja amepiga magoti kwenye turubai pana, kimea kimetandazwa kwenye jua, vidole vyake vikipita ndani yake kama vya msichana. Alikuja akaniamkia vizuri. Aliniuliza habari za nyumba. Nilimwona anatamani kurudi, akawa anatazama turubai lake, akawa anatazama magoti yake.

Niliporudi nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nilipanda juu na panga na shoka, nikamwita yule fundi, tukafyeka mikaratusi ya mwanangu upande wote wa jua la kiangazi. Mahali pa nyumba ya zamani bado palionekana, udongo ni mweusi kidogo.

"Mzee, unajenga jiko?" fundi akauliza.

"Nyumba."

"Ya nani?"

"Ya mama."

"Mama ana nyumba ya malumalu."

"Piga tofali."

Tulijenga vyumba viwili vya udongo, paa la bati chache, mlango ukitazama pale pale alipoutazamisha baba yangu. Sikumwambia mwanangu. Ua niliusawazisha kwa mikono yangu, nikaupiga maji na kuushindilia hadi ukawa mgumu kama kaure. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya padri. Nilimpigia simu mke wangu nikamwambia aje aone, sikumwambia nini.

Alikuja na binti yetu. Walipanda mlima polepole, akisimama kupumzisha magoti. Alipoiona nyumba alisimama kabisa. Akaenda mlangoni, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto. Akakaa pale chini, palepale alipokuwa akikaa zamani, akanyoosha miguu.

"Umejenga," akasema.

"Nimejenga."

"Na impeshi jua litapita wapi hapa?"

Swali lilikuwa lile lile, ingawa hapa juu jibu lake alilijua kuliko mimi. Safari hii nilikuwa na jibu na nilikuwa na furaha ya kulitoa. Nilichukua ufito uliobaki, nikauchomeka katikati ya ua, nikaanza kumweleza. Mwezi wa sita litachomoza pale, kwenye bega la mlima, nikamwonyesha, litaingia mlangoni moja kwa moja. Saa sita litakuwa upande huu wa Karagwe, kivuli cha nyumba kitaangukia nyuma, ua wote utakuwa wako mpaka jioni. Septemba ikiisha litapita utosini. Noeli litahamia upande wa Kibondo, basi utahamishia mikeka pale, hatua chache tu. Nilichora chini kwa kidole, mstari wa kivuli wa Juni na mstari wa kivuli wa Noeli. Nilieleza vizuri. Yule mwalimu wangu angenipa alama zote.

Alisikiliza bila kunikatiza, macho kwenye mistari.

"Haya umeyajua rini?"

"Ah, zamani. Shuleni, kidato cha pili. Mwalimu alichimbia mti hivi hivi..."

Nikajisikia nikisema. Neno lilikuwa limeshatoka.

"Kidato cha pili," akasema. "Kabla hujanioa."

Binti yetu alikuwa akitutazama bila kuelewa.

"Basi siku ile nilipokuuliza ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mimi nilidhani umekosea," akasema. "Nikasema mume wangu amekosea, mtu akikosea unamsubiri. Miaka yote hii naenda narudi, nakusubiri. Kumbe nilikuwa namsubiri mtu aliyeshafika."

Alikaa kidogo zaidi kwenye ule ukuta wa joto. Nadhani alikuwa anaaga ukuta. Kisha akamwambia binti yetu amshike mkono, wakashuka. Nilimfuata hadi barabarani nikimwita mama, mama, mbele ya duka la fundi, na fundi, mtani yule, akageuka akaanza kupanga misumari yake.

Mwanangu nilimweleza kwa simu baadaye. "Baba," akasema, "ungesema tu. Tungeugeuza mlango. Lami ningeipa dirisha." Nilikuwa nimemwogopa bure.

Nyumba ya juu haina mtu. Nilijaribu kulala huko nikashindwa, ua ule ni mkubwa kwa mtu mmoja. Nakaa chini. Sasa ni mwezi wa sita tena, na nimekuwa mimi ninayezunguka. Asubuhi napeleka kigoda pembe ya mashariki. Saa sita naingia njia ya nyuma, nakaa na magoti yangu yakigusa ukingo, jua linanichungulia na kuondoka. Alasiri niko magharibi. Wapita njia wananitafuta barazani kuniamkia na hawanioni. Noeli watakuja watoto, jua litakuwa limerudi mbele, watakaa barazani wakikunja macho na kusema hapa pazuri.

Watu huniuliza nyumba hii iligharimu nini, nami huwatajia fundi na saruji na bati. Ilinigharimu mke wangu. Hajafa. Yuko Kaniha kwa mkwe wetu, anaanika kimea, tunasalimiana kwa simu kama majirani, na hatarudi kukaa nami.